Karata hazijui mumeo alilala wapi

Juzi mama mmoja aliketi mbele yangu, hata mtandio hakuufungua, akasema: "Dada, mimi sina maneno mengi. Niangalizie tu kama yule mwanamke bado yupo." Nikammiminia maji. Nikamweleza, mara ya sijui ngapi mwaka huu, kwamba mimi siangalizii. Mimi ni mnasihi. Taroti, zile karata za picha ambazo wengi huzipigia ramli, na karata za orakoli, ambazo ni za picha pia, ninazitumia kama wenzangu wanavyowapa watu penseli wachore, au wanavyowaambia waandike barua wasiyoituma. Alinitazama kana kwamba nimemuuzia embe bovu. "Sasa hizo karata za nini?"

Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja. Nalijibu hapa, pamoja na maswali ndugu zake.

"Karata zinajua"

Hazijui. Taroti ni karatasi ngumu 78 zilizochapwa kiwandani, na pakiti yangu haina tofauti na ya jirani. Ukizichanga vizuri, ile ya juu imefika juu kwa bahati tu. Hakuna mkono ulioisukuma, wala wa malaika wala wa marehemu bibi yako.

Hapo ndipo huambiwa: "Lakini ile ya mwezi uliopita ilinigusa mno! Ilinisema mimi kabisa!" Sawa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo "yake". Akawataka waseme yamewapata kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulizidi 4. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu cha kununuliwa barabarani: unapenda watu wakukubali, unajilaumu kupita kiasi, una uwezo ambao hujautumia. Nani hayumo humo? Mtu akikuambia "una mzigo moyoni ambao hujamwambia mtu", nitajie mkazi mmoja wa Dar asiyekuwa nao.

Kwa hiyo anayekuangalizia kwa ufasaha huenda anakusoma wewe: uso wako, pete uliyoivua, swali ulilokuja nalo. Karata ni sinia tu.

Kazi ya karata basi ni nini? Picha hulegeza ulimi. Chukua karata iitwayo Panga Nane. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, kamba mwilini, panga zimesimama kumzunguka. Siku moja niliwaonyesha watu wawili karata hiyo kwa saa tofauti. (Nimebadilisha mambo yao, msijisumbue kuwatafuta.) Wa kwanza, kijana wa ofisini, aliona ngome iliyo juu ya jabali nyuma ya mwanamke. "Wamemfungia nje," akasema, na tukajikuta tunazungumza kuhusu kaka zake na shamba la urithi. Wa pili, dada aliyekuwa na miaka sita kwenye kazi anayoichukia, alikaa kimya kitambo. Kisha: "Lakini miguu haijafungwa." Mimi sikutamka neno. Karata haikutamka neno. Aliyesema ni yeye, na alijisikia akisema.

Sasa rudi kwa mama wa mtandio. Swali lake lilikuwa kuhusu moyo wa mtu ambaye hakuwemo chumbani. Hata karata zingejua, angepata nini? Akiambiwa "yupo", atalia. Akiambiwa "hayupo", hataamini, atakwenda kwa mwingine kesho. Nimewaona watu wakizunguka hivyo mwaka mzima, elfu ishirini hapa, hamsini kule, na neno moja hawajamwambia mume. Hilo ndilo linalonikera. Uongo wa karata nauvumilia kuliko jinsi swali la namna hii linavyomnyang'anya mtu usukani wake mwenyewe.

Ushauri wangu, na wateja wangu wameshauchoka: futa maswali ya "je". "Je, atarudi?" lifanye "Ninangoja nini?" "Je, nitapata kazi?" lifanye "Ni nini ninachokwepa kukiandika kwenye barua ya maombi?" Halafu nunua daftari. Asubuhi, kabla hujashika simu, funua karata moja. Andika unachokiona: rangi, mikono imeshika nini, nani anamtazama nani. Kijitabu kinachoeleza maana za karata kiache ndani ya boksi mpaka uwe umeandika angalau mistari kumi. Mkikitanguliza kijitabu mnaandika mawazo ya mtungaji wake badala ya yenu. Baada ya mwezi, soma ulichoandika. Utakuta jina moja limejitokeza mara kumi na moja bila kuitwa na karata yoyote.

Na ukiuliza, umeuliza. Kuna watu hufunua mara nne kwa swali lile lile mpaka itoke inayopendeza. Huko ni kubembeleza. Pumzisha swali wiki moja.

"Ni siri za makuhani wa Misri"

Mzizi wa hii tunaujua. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale kilichojificha ndani ya mchezo. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Msomi wa Kifaransa, Champollion, aliyafumbua 1822, na humo hakuna taroti.

Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo. Kumbukumbu za miaka ya 1440 zinaitaja. Walichukua karata za kawaida za aina nne, yaani vikombe, dhahabu, panga na magongo, wakaongeza karata za picha zinazokula nyingine zote. Waliziita *trionfi*, ushindi.

Neno hilo unalo kinywani. Wareno walilifanya *trunfo*, nasi tukalipokea kwao: turufu. Neno karata lenyewe tulilipata kwa Wareno hao hao. Kopa ni vikombe vyao, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni magongo. Mzee wa kibarazani anayepiga turufu na kuchukua mchezo anatamka jina la kwanza la taroti, na hana habari. Binafsi naliona hilo tamu kuliko makuhani wote.

Misri imo kidogo, tuseme haki. Karata za kawaida ziliingia Ulaya karne ya 14, na dalili zinaelekeza Misri ya Wamamluki, watawala wake wa zama hizo. Ziliingia kama mchezo. Hayo magongo kwao yalikuwa fimbo za polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi.

Picha tunazotafakari nazo leo, hiyo Panga Nane mojawapo, ni za juzi tu. Zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Kabla yake pakiti nyingi zilikuwa na panga nane zimepangwa tu, basi, kama shupaza yako. Kwa miaka mingi pakiti hiyo ikaitwa kwa jina la mchapishaji na la bwana aliyeiagiza, jina la mchoraji likaachwa. Mimi nikiitaja naanza na Smith.

"Nimetokewa na Kifo!"

Nimepigiwa simu saa tano usiku kwa hili. Ndugu yangu, katika karata 78, namba 13, ndiyo iitwayo Kifo, lazima imtokee mtu. Itazame vizuri: mifupa juu ya farasi mweupe, mfalme chini, mtoto anatazama bila hofu, na mbali kati ya minara miwili kuna jua. Kama umeogopa, andika ulichoogopa, na nani alikujia akilini kwanza. Kisha ulale.

Nyingine, haraka

Kwamba pakiti ya kwanza lazima upewe zawadi: nunua yako. Kwamba zioshwe kwa ubani: ubani unanukia vizuri, choma ukipenda. Kwamba lazima uzaliwe na kipaji: lazima ujue kukaa kimya, ambako ni kugumu zaidi. Kwamba huwezi kujisomea kwa sababu mganga hajigangi: humu hakuna mganga. Kwamba orakoli ni taroti nyepesi: hapana, ni kitu kingine. Haina idadi maalumu wala aina nne, mtungaji anapanga atakavyo. Nyingi zimejaa maneno matamu ya kukusifu. Sifa haikuulizi chochote. Yafunike maneno kwa kidole, tazama picha.

Kuhusu dini: sheikh wako au padri wako akisema usiziguse, usiziguse. Sitabishana naye, na daftari linafanya kazi bila karata.

Na kama wiki ya tatu hii hulali, chakula hakipiti, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, usije kwangu kufunua picha. Nenda hospitali, tena leo. Hata dawa za presha usiziache kwa sababu umefunua karata ya Jua. Niliwahi kumsindikiza mteja kwa daktari mimi mwenyewe, kwa bajaji, pakiti ikiwa imebaki mezani na plastiki yake.