Mililita si miligramu, jamani

"Dokta, nipe ile ya homa ya mtoto, nampa mililita tano kama siku zote."

Maneno haya nayasikia dirishani tangu nafungua duka hadi nafunga, na juzi yalinishinda. Nikamwomba mama atoe chupa ya zamani mkobani. Lebo: paracetamol, miligramu 120 kwa kila mililita 5. Niliyobaki nayo kwenye shelfu ni ya miligramu 250 kwa mililita 5. "Si zote ni paracetamol?" akauliza.

Ni paracetamol, mama, ila mililita ni kikombe, miligramu ni sukari iliyomo. Vikombe viwili vya chai vinalingana, kimoja kina kijiko kimoja cha sukari, kingine viwili na ushee. Utasema umekunywa sukari sawa?

Mwanawe ana kilo 8. Paracetamol hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kwa hiyo dozi yake haivuki 120. Kwa chupa ya zamani ndiyo zile mililita 5, hapo hakukosea. Hii mpya ina miligramu 50 katika kila mililita: 120 gawanya kwa 50, unapata 2.4. Angempa tano zake za siku zote, mtoto angekunywa 250. Mara nne kwa siku ni gramu nzima, yote ini la mtoto wa kilo 8 liihangaikie. Na yale matone ya miligramu 100 kwa mililita moja? "Tano" za hayo ni 500, kidonge kizima cha baba yake.

Nikachukua sirinji ya mililita 5, bila sindano, nikamchorea mstari wa kalamu kwenye 2.4. Sirinji hiyo ni bei ya andazi, lakini watu wananing'ang'ania na kijiko cha chai cha nyumbani. Nilivipima vya kabatini kwangu: kimoja kilibeba 3, kingine 4, cha kukorogea uji kikafika 7. Kipi hapo ndicho "kijiko kimoja"?

Halafu "Panadol ya gramu 500". Gramu 500 ni nusu kilo, hiyo kaulize kwa muuza sukari. Kidonge ni miligramu 500, yaani nusu gramu.

Dawa ya unga ya chupa ya mililita 100 haiwekwi maji mililita 100, maana unga nao unachukua nafasi. Tikisa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu hivi, tikisa, subiri povu litulie, ndipo uongeze hadi kwenye alama.

Na insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma sindano: yuniti 10 si mililita 10, wala si 1. Ile ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti 10 ni mililita 0.1, tone mbili tu. Ina sirinji yake yenye alama za yuniti. Ukija na ya kawaida, nitakuuzia nyingine kabla hujatoka.