Kwa nini dubu wa Waslavoni ni mla asali, wala si mjuzi wa asali?

Waulize Warusi jina la dubu, medved, limetoka wapi, na wengi watakujibu kwamba ni "anayejua asali ilipo". Jibu hili linaonekana kuwa sahihi, kwa sababu Kirusi kweli kina med (asali) na kitenzi cha zamani vedat (kujua). Lakini neno limekatwa pasipo pake.

Wanaisimu hulinganisha medved wa Kirusi, medvěd wa Kicheki na medvjed wa Kikroatia, kisha huunda upya neno la lugha mame, yaani lugha ya kale ya Waslavoni iliyozizaa hizi zote: *medvědь. Nyota hiyo ni alama kwamba neno halikupatikana katika maandishi. Waslavoni walianza kuandika lugha yao karne ya 9, zama za wamisionari Cyril na Methodius, waliotumwa Moravia mwaka 863.

Mkato sahihi ni medv- na -ěd-. Sehemu ya pili ni mzizi wa "kula", ule ule uliomo katika jeda, yaani chakula kwa Kirusi. V ni mali ya asali. Zamani asali iliitwa medu, na u ile ilipokutana na irabu iligeuka w, ambayo baadaye ikawa v. Sisi tunafanya hivyo kila siku: ku- na soma ni kusoma, lakini ku- na enda ni kwenda. Anayeikata kwenda kuwa k- na wenda atautafuta mzizi "wenda" hadi achoke, kwa kuwa w ile ni u ya ku- iliyobadilika. Anayeona "kujua" ndani ya medved amefanya kosa hilo hilo.

Ushahidi upo, tena mzuri. Kirusi kina kivumishi medvjany, "-a asali", chenye v ile ile, na hapo hakuna anayejua chochote. Kilithuania, ndugu wa lugha za Kislavoni, bado kinasema medus kwa asali, u ikiwa mahali pake. Kisanskriti, ndugu yao wa kale wa India, nacho kiliunganisha madhu na ad (kula) kikapata madhvad, "mla asali", neno ambalo Rigveda, mkusanyo wa tenzi takatifu za kale za India, inalitumia kwa ndege.

Hata hivyo, tafsiri ya "mjuzi" ina nguvu zake. Kwa Kiukraini dubu ni vedmid, silabi zikiwa zimebadilishana nafasi, na mid inafanana na med, yaani asali kwa Kiukraini. Huenda dhana ya kujua ndiyo iliyozisukuma sauti hizo.

Kisarufi, *medvědь lilikuwa kundi moja na *gostь (mgeni) na *pǫtь (njia), na umilikishi wake, yaani umbo la kusema "-a dubu", ulikuwa *medvědi. Kirusi kimelihamishia kundi jingine: sasa umilikishi ni medvedja. Put, njia, bado inashikilia puti ya kale.

Kwa nini basi walimpa dubu jina la kuzunguka? Jina lake la kale, lililozaa arktos ya Kigiriki na ursus ya Kilatini, halimo katika Kislavoni. Mwaka 1906 mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet alieleza kwamba lilikuwa mwiko kulitaja. Maelezo hayo yana mantiki, ila ushahidi wake ni wa mbali: hakuna andiko la Waslavoni wa wakati ule linaloutaja mwiko huo, lipo pengo tu. Na pengo hilo liko hata kwa majirani zao Walithuania, wanaomwita dubu lokys.