Saba ya Kenya, Saba ya Tanzania: Shughulikia Ulinganifu wa Cheti Kabla Dirisha la Udahili Halijafunguliwa

Wiki ya kwanza ya dirisha la udahili mwaka jana, mzazi mmoja kutoka Sirari, mpakani na Kenya, alitandaza mezani kwetu, ofisi ya udahili, karatasi ya binti yake ya matokeo ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari. Wastani B, jumla ya pointi 65. Akauliza: "Hizi kwenu ni divisheni ngapi?" Tukamjibu kwamba hilo si la kujibiwa papo hapo. Aliondoka amenuna, na simlaumu sana. Lakini kwa kuwa swali lake tunaulizwa karibu kila siku msimu wa udahili, na malalamiko yanazidi, nimeona niliandikie.

Kidato cha nne Tanzania, kadiri mwanafunzi anavyofaulu ndivyo pointi zinavyopungua. "One ya saba" ndiyo kilele, na divisheni ya kwanza inaishia pointi 17. Kenya mambo ni kinyume: A moja ina pointi 12, kwa masomo saba unafika 84. Huko wastani wa 7 ni C+, alama inayotumika kama kizingiti cha kuingia shahada. Kwa hiyo saba ya hapa ni ya kuchinjiwa mbuzi, saba ya kule ni ya kuponea mlangoni. Uganda kidato cha sita wanahesabu kwenda juu hadi 20, na tangu mtihani wa 2024 kidato chao cha nne kinatumia madaraja mapya ya A hadi E baada ya mtaala kubadilishwa. Kongo wanatoa asilimia, kwa Kifaransa. Ukichukua kikokotoo ukagawa na kuzidisha, utapata namba, lakini haitakuwa na maana yoyote.

Hapa ndipo watu hunikatiza: "Si tuko Jumuiya moja?" Tuko. Ibara ya 102 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia elimu na mafunzo, na Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, lilisimamia mfumo wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa 2015, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Kazi imefanyika, tena kubwa. Ila kutambuliana maana yake ni kwamba cheti cha jirani kina njia rasmi ya kupimwa, nayo ndiyo ulinganifu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hakipimwi.

Wazee ndio wagumu zaidi kukubali hili, na wana sababu. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na baadaye shule za nchi zote tatu zikafanya mitihani ya baraza moja la kanda. Nani angeuliza ulinganifu wakati huo? Tanzania ilijitoa kwenye baraza hilo mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likaundwa kwa sheria ya 1973, Kenya ikawa na baraza lake, KNEC, 1980, Uganda na lake, UNEB, 1983. Kila mmoja akashika kalamu yake. Kinachofanyika sasa ni kujenga madaraja kati ya mifumo iliyokwisha kuachana kwa zaidi ya miaka hamsini, na hata majina ya ngazi za sifa za elimu yanatuvuruga. Shahada ya kwanza Tanzania ni ngazi ya 8. Kenya ni ngazi ya 7, na ngazi yao ya 8 ni stashahada ya uzamili. Mwombaji akituandikia "nina level 8" bila kutaja nchi, tunarudisha fomu.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe taratibu. Matokeo ya shule, yaani kidato cha nne na cha sita, hulinganishwa na NECTA. Vyeti vya astashahada na stashahada ni vya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Shahada ni za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukipeleka KCSE kwa TCU utaelekezwa mlango mwingine, na siku zitakuwa zimepotea. Andaa cheti au karatasi ya matokeo, na kama nyaraka ziko kwa Kifaransa, tafsiri ya mfasiri anayetambulika. Tafsiri ya binamu anayejua Kifaransa haipokelewi. Jina kwenye cheti lifanane na la kitambulisho au pasipoti. Kama kule aliandikwa Jumaa na huku ni Juma, tafuta hati ya kiapo mapema, maana herufi moja inatosha kusimamisha faili. Kumbuka pia kwamba uhalali wa matokeo huthibitishwa na bodi iliyotoa mtihani, ofisi kwa ofisi, kwa hiyo barua ya mwalimu mkuu haitoshi, hata ikiwa na mhuri mzuri namna gani.

Mwisho wa safari hiyo NECTA hutoa namba inayoanza na herufi EQ. Ndiyo inayojazwa mahali ambapo mwenzake wa hapa anaweka namba yake ya kidato cha nne inayoanza na S au P. Bila hiyo mfumo wa maombi haukuvushi ukurasa wa kwanza. Si afisa aliyekukatalia.

Na jambo linalowashangaza wazazi wa Sirari, Namanga, Tarakea na Mutukula: ulinganifu unafuata cheti, haufuati uraia. Mtanzania aliyesoma Kenya anahitaji ulinganifu kama Mkenya anavyouhitaji. Kitambulisho cha Taifa hakibadilishi daraja.

Wapo wanaoogopa kwamba kulinganisha ni kushusha. Mfumo wa Kenya wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, hauna kidato cha tano na sita, hivyo ni halali kuuliza mwenye KCSE anasimama ngazi gani hapa. Kama anaingia moja kwa moja kwenye programu fulani au anapitia kwanza njia nyingine, hilo linaamuliwa na majibu ya ulinganifu pamoja na masharti ya programu. Makala haya ni ya maelezo ya jumla na yasichukuliwe kuwa uamuzi wa maombi ya mtu yeyote.

Kuhusu njia za mkato niseme wazi. Kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaeleza maana ya kughushi. Cha 337 kinaweka adhabu ya jumla ya kifungo cha miaka saba. Cha 342 kinamfikia hata ambaye hakughushi kwa mkono wake ila alitumia hati hiyo akijua ni ya uongo. Cheti cha kughushi hakiishi kunuka baada ya kuhitimu: Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa kazini kwa miaka mingi. Anayekuambia "nina mtu pale" anachukua hela yako tu.

Kazi itaongezeka. KCPE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, ilifanyika mara ya mwisho 2023, kwa hiyo KCSE ya mwisho ya 8-4-4 inatarajiwa 2027, kisha watakuja wanafunzi wa mtaala mpya. Sisi nasi tuna Sera ya Elimu toleo la 2023 inayopunguza miaka ya msingi kuwa sita. Majedwali ya kulinganisha yatabidi yaandikwe upya, pande zote.

Kwa sasa tazama kalenda tu. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, ya kidato cha sita Uganda hutoka kabla ya katikati ya mwaka, na dirisha letu kwa kawaida hufunguliwa Julai. Binti wa Sirari alirudi awamu ya pili akiwa na namba yake ya EQ. Sifa za programu aliyoitaka alikuwa nazo. Nafasi zilikuwa zimejaa.