Kumfundisha Fundi Anayeijua Kazi

Nasimamia mafunzo ya mafundi wa viyoyozi na majokofu. Wengi hudhani ugumu uko kwa mwanagenzi. La hasha: mwanagenzi anauliza, anakosea, anarudia. Anayenikesha ni fundi wa miaka 15, kwa sababu fani imebadilika huku mikono yake ikiwa imeshazoea.

Aliyeanza na gesi ya kupoozea ya R-22 alizoea mfumo mvumilivu. Ikaja R-410A, isiyoharibu tabaka la ozoni, lakini presha yake inazidi ya R-22 kwa takriban asilimia 60, hivyo geji na mipira ya zamani haifai. Mafuta ya kompresa, pampu inayosukuma gesi, nayo yakabadilika. Haya mapya, aina ya POE, hunywa unyevu wa hewani upesi sana. Bomba likiachwa wazi wakati fundi anakula, unyevu umeshaingia. Baadaye hutokea asidi, na asidi huila kompresa polepole.

Polepole, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kompresa ikifa miezi mingi baadaye, anaitwa fundi mwingine. Aliyefanya kosa hapati habari, kwa hiyo miaka inamwongezea uhakika bila kumwongezea ujuzi.

Ndiyo maana naomba kila kompresa iliyokufa na kila bomba lililong'olewa virudi karakana. Tunavipasua mbele ya aliyevifunga, bila kutafuta wa kulaumiwa. Shaba ikilehemiwa bila naitrojeni kupita ndani yake, huota magamba meusi, nayo hubanduka na kuziba vali ya upanuzi, tundu jembamba ambamo gesi hupita. Niliwahi kueleza hayo kwa picha na michoro, watu wakaitikia kwa vichwa tu. Nilipopasua vipande viwili, kimoja kimelehemiwa kwa naitrojeni na kingine bila, fundi mmoja mkongwe alivishika muda mrefu, akapitisha kidole ndani. Tangu hapo sikuhitaji kumhubiria.

Sasa kuna R-32. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa, yanataka matumizi ya gesi za kundi la HFC, zinazopasha dunia joto, yapunguzwe hatua kwa hatua. R-410A yenyewe ina nguvu ya kupasha joto mara 2,088 ya kaboni dioksidi. R-32, mara 675. Lakini R-32 inaweza kushika moto. Mazoea ya kuwasha tochi ya kulehemu kabla ya kuhakikisha gesi imetolewa yote ni ya hatari, na somo hili siwezi kungoja lirudi karakana.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilifundisha wasimamizi wa viwanda njia ya hatua 4: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Kampuni nyingi huishia ya tatu, zikatoa cheti.

Mimi wiki ya tatu baada ya mafunzo humfuata fundi alipo, nikaangalie kama mtungi wa naitrojeni umeshushwa. Ukiwa bado garini, namuuliza kilichomzuia. Mara nyingi ni ratiba: amepewa kazi 4 katika siku inayotosha 2. Darasa haliwezi kutibu hilo, kwa hiyo nazungumza kwanza na mpangaji wa ratiba kabla sijamwita fundi tena.