Kijani Kimerudi, Msitu Je?

Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, sheria ya mwaka 1977 iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter inamtaka mchimba makaa ya mawe aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza kazi. Harudishiwi yote mpaka ardhi irekebishwe na uoto ushike. Penye mvua ya kutosha anawajibika kwa miaka 5 baada ya kumaliza kupanda. Penye ukame, miaka 10. Kazi yetu sisi wapimaji ni kujua kama uoto umeshika kweli au umefunika tu.

Tunaanzia angani. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi, ambao jicho halioni. Chukua tofauti ya mianga hiyo miwili, igawanye kwa jumla yake, upate NDVI, namba iliyo kati ya -1 na 1. Udongo mtupu huwa karibu na 0.1 au 0.2, na msitu mnene hupita 0.7. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, kwa hiyo kwa machimbo mengi tunaweza kuona mlima ulivyokuwa kabla haujaguswa.

Lakini namba hiyo hudanganya. Baada ya sheria kupita, wachimbaji wengi walishindilia udongo kwa matingatinga ili miteremko isiporomoke, kisha wakamwaga mbegu za nyasi zinazoota upesi, kama fescue. Kwenye ramani, kijani kinarudi baada ya misimu michache. Ukifika pale, bonyeza fimbo ya chuma ardhini: unaweza kuiegemea kwa uzito wako wote na isizame hata kiganja kimoja. Mche wa mwaloni utapitisha wapi mzizi?

Ndiyo maana mimi siamini picha moja ya kiangazi. Napanga picha za mwaka mzima. Miti mingi ya asili ya pale huchipua masika na kupukutisha majani vuli. Fescue hupenda ubaridi, hivyo huwa kijani mapema miti ikiwa bado mitupu, na huendelea hivyo miti ikishapukutika. Mahali panapong'aa kijani wakati milima jirani imekuwa ya kahawia, hapo mara nyingi pana nyasi au kichaka cha kigeni, si msitu ule wa asili. Kimo nacho tunakipima: kifaa cha GEDI kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018 hutuma leza chini na kusoma urefu wa miti.

Kisha tunashuka kwa miguu. Tunaweka fremu ya mita moja kwa moja mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, si pale panapopendeza, tunahesabu spishi, miche iliyo hai na iliyokufa, tunapima asidi ya udongo.

Tangu 2004, mpango wa kurudisha misitu Appalachia unahimiza kuacha angalau mita 1.2 za udongo uliolegea juu kabla ya kupanda miti. Ukishindiliwa, kuurekebisha ni gharama kubwa.

Setilaiti hizohizo hupita pia juu ya Ngaka, wilayani Mbinga, Tanzania, kunakochimbwa makaa ya mawe. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure. Anayeishi jirani na machimbo mapya apakue leo picha za mwaka mzima uliotangulia uchimbaji, azihifadhi. Ndizo atakazolinganisha nazo mashimo yatakapofukiwa.