Origami ya dirisha la duka: dhana potofu na ukweli wake

Wanaopamba madirisha ya maduka kwa origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi kuwa maumbo, wengi huanza na swali lisilofaa: umbo lipi litaonyesha ustadi wangu? Dirisha halijali ustadi. Linachotaka ni umbo linaloonekana kwa mbali na karatasi itakayovumilia wiki kadhaa za mwanga na joto. Dhana nyingi ninazozisikia zinatokana na kusahau mambo hayo mawili.

Dhana: Umbo gumu ndilo litakalovuta macho.

Mpita njia yuko mbioni. Anapita mita mbili tatu kutoka kwenye kioo, na kinachomfikia kwanza ni mstari wa nje wa umbo, ukubwa wake na rangi yake. Mbawakawa mwenye miguu sita na vipapasio vyembamba ni kazi ya kuheshimiwa sana, lakini kwa umbali huo anabaki doa la kahawia. Isitoshe, kila mguu na kila kipapasio hudai sehemu yake ya karatasi, matabaka yanalundikana katikati, na karatasi ya nusu mita inaweza kuishia mdudu wa kutoshea kiganjani. Karatasi hiyohiyo ukiikunja korongo wa jadi, unapata ndege mwenye mabawa mapana anayetambulika hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kuamua, kunja sampuli moja kwa karatasi yoyote, itundike ukutani, kisha rudi nyuma hatua kadhaa na ufumbe macho nusu. Ikiwa bado unamtambua mnyama, umbo hilo linafaa. Ikiwa unatambua kwa sababu tu unajua ulichokunja, liache.

Dhana: Ukitaka umbo kubwa, chukua karatasi kubwa ya aina ileile.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukiongeza upande wa karatasi mara mbili, uzito wake unaongezeka mara nne, ilhali unene haujabadilika hata kidogo. Korongo aliyesimama vizuri kwa karatasi ya sentimita 15 atalegeza shingo akiwa mkubwa, na mabawa yatashuka kabla ya wiki kwisha. Karatasi za kawaida za origami huwa na takriban gramu 60 kwa mita ya mraba, na zile za printa gramu 80. Kwa umbo la kuanzia nusu mita, mimi natafuta gramu 100 na kuendelea, tena zenye nyuzi imara kama karatasi ya kaki.

Unene nao una shida zake. Karatasi nzito iliyopakwa rangi juu tu hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe, na mstari huo haufichiki. Kunja kona moja, ifungue, ikunje upande wa pili, kisha itazame kwenye mwanga kabla ya kununua rundo zima.

Kwa wanyama wenye mgongo wa mviringo kuna njia nzuri zaidi, ile aliyoiendeleza bingwa wa origami wa Japani, Akira Yoshizawa (1911–2005): kukunja karatasi nene ikiwa na unyevu kidogo. Unaipangusa kwa kitambaa kibichi, bila kuilowesha. Viambato vinavyoshika nyuzi za karatasi vinalainika, unaufinyanga mgongo na shingo kwa vidole, na ikikauka inakakamaa katika mkao huo. Tembo wa namna hii hujisimamia mwenyewe. Hakikisha tu rangi ya karatasi haichuji.

Dhana: Origami halisi haikatwi wala haitiwi gundi.

Kitabu cha Kijapani cha mwaka 1797, Hiden Senbazuru Orikata, kinafundisha makorongo walioungana kutoka karatasi moja, na wanapatikana kwa kukata karatasi hiyo sehemu fulani. Basi tone la gundi lisikunyime usingizi.

Dhana: Nyuma ya kioo karatasi iko salama.

Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale ya jua inayofifisha rangi, iliyobaki inapita. Unyevu hewani nao huifanya karatasi itanuke, na mikunjo inajifungua polepole. Kwa hiyo ogopa maumbo yanayoshikiliwa na ukali wa mkunjo peke yake, na upende yale yanayojifunga. Kipande cha Sonobe, yaani karatasi moja iliyokunjwa ili iunganishwe na nyingine za aina hiyo, ni mfano mzuri: kina ncha mbili na mifuko miwili, ncha za kimoja zinaingia kwenye mifuko ya vingine. Vipande 6 vinatoa mchemraba, 30 vinatoa mpira wenye miiba unaopendeza ukining'inizwa, na kipande kikififia unaweza kukichomoa na kuweka kingine. Kwa kuwa kitu kinachoning'inia kwa uzi mmoja huzunguka, tumia karatasi yenye rangi pande zote mbili kwa umbo lolote linaloonyesha upande wa nyuma wa karatasi. Taa zinazotoa joto kali ziwe mbali.

Dhana: Kila umbo liwe tofauti, ndipo onyesho liwe tajiri.

Mti wa origami unaowekwa kila mwisho wa mwaka katika jumba la makumbusho la historia ya viumbe na mazingira, American Museum of Natural History, jijini New York, una mamia ya maumbo ya kila namna, na unapendeza kwelikweli. Lakini wageni wa pale husimama na kuukagua kwa karibu. Dirishani samaki mmoja akirudiwa mara arobaini, kwa rangi mbili na saizi tatu, wote wakielekea upande mmoja, anavuta jicho kuliko wanyama arobaini wasiohusiana.

Dhana: Mchoro ukipatikana mtandaoni, ni wa kila mtu.

Korongo, chura anayeruka na mashua ni vya jadi, havina mwenyewe. Maumbo ya wabunifu wa leo yana wenyewe. Mwaka 2011 Robert J. Lang na wabunifu wenzake walimfungulia kesi nchini Marekani mchoraji aliyetumia ramani zao za mikunjo, yaani michoro ya mistari ya kukunjia, bila ruhusa, na pande hizo zikapatana mwaka 2013. Onyesho la duka ni la biashara, kwa hiyo mwandikie mbunifu mapema, umweleze ni maumbo mangapi na yatakaa muda gani. Akikubali, weka kadi ndogo kwenye kona ya chini ya dirisha yenye jina lake na jina la aliyekunja.