Bendera ya Uganda: rangi zilibadilika, ndege akabaki

Kila tarehe 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda, ikikaribia, oda za bendera hunifurika hapa Kampala, na wateja huuliza lilelile: rangi hizi zina maana gani? Jibu la darasani ni fupi. Nyeusi ni Waafrika, njano ni jua, nyekundu ni damu ya udugu. Ila mimi ni fundi wa bendera, na kwangu habari yenyewe imo ndani ya lile duara jeupe la katikati, anamokaa ndege.

Ndege huyo, korongo-taji, ni mkongwe kuliko bendera yenyewe. Wakoloni walimweka kwenye bendera yao ya buluu, ile yenye Union Jack, bendera ya Uingereza, pembeni. Mwanzoni mwa 1962, serikali ya Benedicto Kiwanuka wa chama cha Democratic Party (DP) ilipendekeza muundo tofauti kabisa: milia ya wima, kijani, buluu, kijani, iliyotenganishwa na milia myembamba ya njano, na katikati umbo la korongo kwa njano tupu. Uchaguzi wa tarehe 25 Aprili ukaiangusha DP. Chama cha Uganda People's Congress (UPC) cha Milton Obote kikaingia madarakani kwa kushikana mkono na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda, na bendera ile ikatupwa kapuni. Nadhani haikuwa na bahati tangu hapo: nani angepandisha siku ya uhuru kitambaa kilicholetwa na mpinzani wake? Ndege hakuwa wa chama, akapita.

Muundo wa sasa ni wa Grace Ibingira, Waziri wa Sheria wa wakati huo. Milia sita ya kulala: nyeusi, njano, nyekundu, kisha zinarudiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba ikapandishwa Kololo, hapa Kampala. (Februari 1966 huyohuyo Ibingira alikamatwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri, Entebbe. Bendera aliyoibuni ikaendelea kupepea, na hata Idi Amin hakuigusa.)

Tuje mezani kwangu. Uwiano ni 2 kwa 3, kwa hiyo bendera ya futi 4 kwa 6 ina milia ya inchi 8 kila mmoja. Duara hukaa juu ya ile miwili ya katikati, mwekundu na mweusi. Kuunga milia si kazi. Anayetoa watu jasho ni ndege. Shingo ya kijivu, taji la njano, wekundu kidogo chini ya kidevu, mguu mmoja juu kuonyesha nchi inasonga mbele. Na lazima atazame mlingoti.

Hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Ukichapa kwenye polista nyepesi, wino hupenya na upande wa nyuma hujipanga wenyewe. Ukishona duara pande zote mbili, unahitaji korongo wawili, mmoja kinyume cha mwenzake kama mtu na sura yake kiooni. Anayekata wawili wanaofanana hushangaa kumkuta wa nyuma ameupa mlingoti kisogo, na bendera za hivyo nimeziona zikipepea mbele ya majengo ya heshima kabisa.

Kwa hiyo unaponunua, tandaza bendera na pindo la kamba liwe kushoto kwako. Weusi uwe juu, mdomo wa ndege uelekee kushoto. Kisha igeuze: pindo sasa liko kulia, na mdomo nao uelekee kulia. Usilipe kabla ya kuigeuza.